Kibaba cha Mchungaji

Katika masoko ya Unguja ya zamani nafaka ilipimwa kwa kibaba na kwa pishi, na kila mtoto aliyepata kutumwa dukani alijua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja. Kibaba kilikuwa kipimo cha mnyonge: cha mjane mwenye kupika mlo mmoja kwa siku, cha mchukuzi aliyelipwa ujira wake jioni na kuupeleka dukani jioni hiyo hiyo. Mwenye duka aliyekuwa na insafu hakukidharau kibaba. Alikijaza, akakifuta juu kwa kiganja, akakimimina, sawasawa na alivyomfanyia aliyekuja kuchukua gunia zima. Hakuna aliyewahi kudai kwamba mwenye kununua kibaba ana haki ndogo zaidi ya kutopunjwa.

Siasa ya kura nayo ina vibaba vyake. Tarehe 14 Desemba 2005 Watanzania walimchagua Rais kutoka miongoni mwa wagombea kumi. Jakaya Kikwete wa CCM alipata kura 9,123,952, zaidi ya asilimia 80 ya kura halali. Mchungaji Christopher Mtikila wa Democratic Party, ambacho watu walikiita DP tu, alipata kura 31,083, ambazo hazifiki tatu katika kila elfu moja. Watu wote hao wasingeenea katika Uwanja wa Amaan, lakini mbele ya milioni tisa walikuwa ukoko wa sufuria. Chama chake hakikupata jimbo hata moja. Kwa mwenye kuhesabu viti, hadithi ya DP inaishia hapo, na wengi wameiachia hapo.

Hata hivyo mtu huyo wa kibaba aliishitaki serikali ya nchi yake mara kadhaa, akaishinda katika Mahakama Kuu mara mbili, na hatimaye akaishinda mbele ya majaji wa Afrika. Suali linalozuka si la hesabu. Je, haki ya mtu hupungua kadiri wafuasi wake wanavyopungua? Na kwa msomaji wa visiwani kuna suali la pili, lililo gumu zaidi: je, ni wajibu kuitetea haki ya mtu ambaye maneno yake yanakukera, na ambaye hakutaka hata kuutambua mfungamano wa nchi yako na yake?

Maana ndivyo alivyokuwa Mtikila. Siasa ya vyama vingi iliporejeshwa mwaka 1992 yeye alitoka na dai moja kubwa, kwamba Tanganyika irudi na Muungano uvunjwe. Alikuwa mhubiri kabla hajawa mwanasiasa, na jukwaani alibaki mhubiri: sauti ya kupanda na kushuka, hukumu ya Siku ya Mwisho ikitolewa kwenye mkutano wa hadhara. Wengi humnasibisha na neno "walalahoi", na iwapo kweli ndiye aliyelienezea mbawa, basi hiyo ndiyo kura yake kubwa kuliko zote. Neno hilo limeundwa kwa ustadi wa lugha ya mtaani. Limechukua kitendo cha kulala na hali ya kuwa hoi, likavishwa ngeli ya watu, na mara tabaka zima likapata jina ambalo wasomi walikuwa wakilitafuta katika vitabu bila ya kulipata. Limeingia magazetini, likaingia hata katika vinywa vya waliompinga. Lakini kinywa hicho hicho kiliwaita raia wenye asili ya Kihindi "magabacholi", na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mikutano yake iliwaacha wenye maduka wa Dar es Salaam na khofu. Mkaazi wa Mji Mkongwe anayekumbuka milango ya nyumba iliyofungwa mwaka 1964 isifunguliwe tena na wenyewe hawezi kulisikia neno kama hilo bila ya kusisimka. Ulimi mmoja ulimpa maskini jina la heshima na ukampa jirani jina la dharau. Washairi wanaujua ulimi wa namna hiyo, nao si adimu.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 iliweka masharti ambayo mchungaji huyu aligongana nayo mlangoni. Chama kisikusudie kuendeleza dini fulani, wala kabila, wala rangi. Kisiwe cha upande mmoja tu wa Jamhuri. Kisitake kuvunja Muungano. Zaidi ya hayo, kabla ya kusajiliwa kilitakiwa kipate wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa kumi, na angalau miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Kinaya chake kinachekesha na kinaliza: mwenye kudai Tanganyika peke yake alitakiwa kwanza apate watu mia mbili Unguja na mia mbili Pemba wa kumuunga mkono. DP ilikataliwa usajili, na ilingoja hadi mwaka 2002 ndipo ikasajiliwa. Hata katika karatasi ya kura ya 2005 Katiba ilimbidi mchungaji asimame na mgombea mwenza kutoka Zanzibar.

Si haki kuidhihaki sheria hiyo kwa pupa. Iliandikwa na watu waliokuwa na sababu ya kuogopa. Sehemu nyingine za dunia chama chenye jina la dini ni jambo la kawaida. Ujerumani iliyovunjwa na vita ilisimamishwa tena chini ya Wakristo wa Kidemokrasia wa Konrad Adenauer, Kansela wa kwanza wa 1949, na hakuna anayeliona jina hilo kuwa fitina. Afrika Mashariki hali ilikuwa nyengine. Uganda ilikuwa na DP yake, jina lile lile, chama kilichoanzishwa mwaka 1954 na kuegemea kwa Wakatoliki waliohisi kuwa wamefungiwa milango ya vyeo katika utawala wa Waprotestanti. Kilijitambulisha kwa ukweli na haki, lakini mahasimu wake wakazichukua herufi zile mbili wakazisoma "Dini ya Papa", na dhihaka hiyo, ya Kiswahili fasaha, ilisafiri mbali kuliko ilani yoyote ya chama. Mwaka 1961 kilipata viti 43 dhidi ya 35 vya UPC, ingawa UPC ilikuwa na kura nyingi zaidi kwa jumla, kwa sababu Waganda wengi waliitii Mengo wakasusia na DP ikavikusanya viti vya Buganda kwa kura chache. Benedicto Kiwanuka akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa serikali ya ndani. Mwaka uliofuata viti vikashuka hadi 24 na madaraka yakaenda kwa Milton Obote. Septemba 1972 Kiwanuka, wakati huo akiwa Jaji Mkuu, alikamatwa na askari wa Idi Amin ndani ya jengo la mahakama yenyewe, na hakurudi. Chama chake kimeishi, lakini kimenywea: mwaka 2021 mgombea wake wa urais, Norbert Mao, hakufikia hata kura moja katika kila mia, na mwaka uliofuata aliingia katika serikali ya Museveni kuwa Waziri wa Sheria. Hayo wayapime Waganda wenyewe.

Tanganyika nayo ilikuwa na kioo chake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 palitokea chama cha Waislamu, AMNUT, kilichotaka uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kutosha. Waliokizima hawakuwa maaskofu. Walikuwa Waislamu wenyewe wa TANU. Kwa hiyo waliotunga sheria ya 1992 hawakuota ndoto ya mchana walipoikataza dini isiingie katika karatasi ya usajili.

Na lililo zito zaidi ni kwamba katika visiwa hivi kizuizi hicho humlinda kwanza Mkristo. Bara mtu anaweza kulisahau hilo. Mji Mkongwe hawezi. Anayetoka Forodhani akapita Baghani atayaona magorofa yakiachana na minara pacha ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji wameliita tangu zamani Minara Miwili, jina ambalo lingeweza pia kuwa la msikiti. Akiendelea hadi Mkunazini atalikuta kanisa kuu la Waanglikana, lililojengwa mahali palipouzwa binaadamu hadi soko lilipofungwa mwaka 1873. Ndani yake amezikwa Askofu Edward Steere, aliyekaa na wazee wa mji huu akakusanya hadithi zao na kuiandikia sarufi lugha yao. Adhana na kengele zimezoea kupokezana juu ya mapaa yale yale. Wakristo wa Unguja ni wachache, hawakuwahi kuwa na chama chao, na haikuwahi kuonekana kwamba wanakihitaji. Lau vyama vingegawanywa kwa dini, wao ndio wangekuwa kibaba cha milele, kisichoweza kujaa hata kikimiminiwa vipi.

Basi sheria ilikuwa na hekima kwa upande mmoja. Upande wa pili ndio uliokosa hekima. Mtu aliyeambiwa kwamba imani yake, au eneo lake, au dai lake la pekee haliwezi kuwa chama, alikuwa na njia moja iliyobaki, nayo ni kusimama yeye mwenyewe, kwa jina lake, bila ya bendera, awaambie watu: hili ndilo ninaloliamini, nichagueni au niacheni. Njia hiyo nayo ikafungwa, kwa kuwa asiyedhaminiwa na chama hakuruhusiwa kugombea. Kila katazo peke yake lina hoja. Yakiunganishwa, yanakuwa duara lisilo na mlango. Dhamiri inaambiwa isije na kundi lake, kisha inaambiwa isije peke yake.

Hilo ndilo Mtikila alilolipeleka mahakamani Dodoma mwaka 1993, na hapo ndipo kibaba kilipoanza kuwa na uzito. Jaji Kahwa Lugakingira hakumuuliza mlalamikaji ana wafuasi wangapi. Serikali ilihoji kama mtu huyu ana haki hata ya kulileta shauri. Jaji akaona kwamba panapohusika maslahi ya umma, raia hahitaji kuonesha jeraha lake binafsi ndipo asikilizwe. Tarehe 24 Oktoba 1994 akatoa hukumu kwamba mgombea binafsi anaruhusiwa. Lakini siku nane kabla yake, jaji akiwa bado hajasoma uamuzi wake, serikali ilikuwa imekwisha kuwasilisha bungeni muswada wa kuibadilisha Katiba, na Desemba mwaka huo Bunge likaupitisha. Mwenye duka alishindwa kukipunja kibaba, akaenda akabadilisha kibaba chenyewe.

Mchungaji akarudi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, safari hii majaji watatu, ikampa haki tena. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile kwa maelezo kwamba jambo hilo ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Hoja hiyo ina sura ya unyenyekevu, nayo yastahili kutazamwa tena. Bunge ni wengi. Kila aliyekaa humo ameingia kwa tiketi ya chama. Kuwauliza hao kama mtu anaweza kuingia bila ya tiketi ni kama kuwauliza manahodha kama abiria wanaweza kuvuka kwa kuogelea. Haki ambayo wengi wanaweza kuinyima wakipenda na kuitoa wakipenda ni hisani, na hisani hailalamikiwi mahakamani. Haki huwa haki pale tu ambapo mmoja anaweza kuwaambia wengi hapana.

Tarehe 14 Juni 2013, mjini Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Tanzania imevunja haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake, na uhuru wake wa kujiunga na wengine, ambao ndani yake umo pia uhuru wa kutojiunga. Serikali ilikuwa imeleta hoja ya umoja wa taifa na hatari ya ukabila. Majaji hawakuiona kuwa inatosha kumfungia nje kila mtu asiye na chama. Siku kumi na moja kabla ya hukumu hiyo, tarehe 3 Juni 2013, Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imetangaza rasimu ya kwanza ya Katiba mpya, na ndani yake mlikuwa na mgombea huru, na mlikuwa na serikali tatu, ya tatu ikiwa ni ya upande wa Bara. Wazo lililomzuia mchungaji mlangoni kwa msajili miaka ishirini nyuma lilikuwa sasa limechapwa katika waraka wa dola. Bunge Maalumu la 2014 liliurudisha muundo wa serikali mbili, kura ya maoni haikupigwa, na hadi uchaguzi wa Oktoba 2025 hapajakuwa na mgombea binafsi. Kibaba kilishinda hoja. Pishi likabaki na ufunguo wa ghala.

Huenda msomaji wa Shangani au wa Wete akauliza: haya yote yananihusu nini? Ni ugomvi wa Tanganyika na mhubiri wake. Lakini duara lile lile limechorwa kuzunguka visiwa. Chama cha upande mmoja wa Jamhuri hakisajiliwi, wala mtu peke yake hagombei. Kwa sheria hiyo vyama vilivyobeba mioyo ya wazee wa hapa visingesajiliwa hata kimoja. Chukua ZPPP ya Mohammed Shamte, iliyokuwa ndogo kuliko wenzake wote na mizizi yake ikiwa Pemba. Katika uchaguzi wa Juni 1961, ule uliomwaga damu ya watu 68, ASP na ZNP walipata viti kumi kumi, na ZPPP viti vitatu. Vitatu hivyo vikaamua nani atawale, na mwenye vitatu akawa Waziri Kiongozi. Mwaka 1963 ikapata viti sita kati ya 31, wakati ASP, yenye kura zaidi ya nusu ya zote, iliambulia 13, na Shamte ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu siku ya uhuru wa Disemba. Mwezi mmoja baadaye Mapinduzi yalimwondoa. Wapo wanaoitumia historia hiyo kuthibitisha kwamba chama kidogo ni balaa. Ni kweli kwamba kibaba kilichopewa uzito wa pishi kinaumiza kama kibaba kilichopunjwa. Lakini kosa hapo lilikuwa la mizani, yaani la mipaka ya majimbo na ya viti visivyolingana na kura. Halikuwa la nafaka.

Lau Mtikila angalitawala, je, angaliwahifadhia wengine haki aliyoidai kwa nafsi yake? Aliowaita magabacholi wana kila sababu ya kutia shaka, na shaka hiyo isifichwe kwa sababu tu mtu ni marehemu. Alifariki katika ajali ya gari karibu na Chalinze tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Hata hivyo haki si zawadi ya tabia njema. Maneno ya uchochezi yana sheria zake za kuyashitaki, na mchochezi ahukumiwe kwa alichokisema. Kumzuia asisimame mbele ya watu ni kuwazuia watu wasimkatae. Na walimkatae kwa wazi kuliko yote mwaka 2005: watu zaidi ya milioni kumi na moja walipiga kura, wakamsikia, wakamwachia kura zake elfu thelathini na moja. Adhabu gani ya mahakama ingekuwa fasaha kuliko hiyo?

Kwenye baraza za Mji Mkongwe, pale Jaws Corner penye kahawa na tashtiti, mtu hapimwi kwa idadi ya waliokubaliana naye. Hupewa nafasi ya kukaa, husema, huchekwa ikibidi, na kesho yake hurudi akakikuta kijipembe chake cha sakafu kiko pale pale. Yumkini ndiyo sababu watu wa hapa wamelielewa jambo hili kwa vitendo kabla ya kulielewa kwa hoja. CUF yenyewe ilizaliwa mwaka 1992 kwa kuiunganisha KAMAHURU ya Zanzibar na Chama cha Wananchi cha Bara, kwa kuwa sheria haikuruhusu kila upande ubaki na chake. Ndoa hiyo ilidumu zaidi ya robo karne. Machi 2019, mahakama ilipoamua kwamba uenyekiti ni wa Profesa Ibrahim Lipumba, Maalim Seif Sharif Hamad na umma uliokuwa nyuma yake hawakuwa na haki ya kusimama kwa jina lao wenyewe hata siku moja. Iliwapasa watafute chombo kingine kilichokwisha kusajiliwa, na wakakipata katika ACT-Wazalendo, chama kilichoasisiwa Bara mwaka 2014. Wakasema wanashusha tanga na kupandisha tanga. Katika muda wa siku chache, mitaani Unguja na Pemba, bendera za rangi tatu ziliteremshwa, na watu wakapanda ngazi na mikebe ya rangi ya zambarau, wakazipaka upya kuta za ofisi zile zile walimokuwa wakikutana tangu ujana wao.